Vitanda vya Jeshi Vyenye Tundu

Kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu kina tundu katikati. Naanzia hapo kwa sababu kila mnaponitembelea hapa Nunguni, ninyi mnaosomea uuguzi, mnanitajia dawa na mashine, na hakuna hata mmoja anayenitajia tundu. Liwe na upana wa sahani ya kulia, lipasuliwe usawa wa makalio, kingo zake zibandikwe plasta pana zisimkwaruze mtu, na chini ikae ndoo. Mgonjwa wa ugonjwa huo hana nguvu za kuinuka. Ukimlaza kwenye kitanda kizima, utashinda ukibadilisha mashuka badala ya kumpa maji, naye atakufa akiwa kwenye shuka safi kabisa.

Mimi ni Nduku. Niliajiriwa na serikali nikiwa msichana, nikafanya kazi kwanza katika zahanati ya upande wa Kalamba, halafu Kitui mjini, mpaka magoti yakakataa. Nimezaliwa huku juu kwenye ukungu, kwa hiyo niliposhushwa Kalamba mara ya kwanza nililia machozi. Joto la kule lilinifanya niwe nalowesha kitambaa cha kichwa ndipo niweze kumchoma mtu sindano. Wagonjwa walinicheka waziwazi. "Sista wa Nunguni ameanza kuyeyuka," walikuwa wakiambiana kwenye foleni, nami nikajifanya sisikii.

Lakini leo sitaki kuwaeleza habari za joto. Nataka kuwaeleza juu ya jeshi lililokuja kututibu, kwa kuwa nasikia siku hizi mnafundishwa kwamba pakizuka ugonjwa mkubwa majeshi ya nje husaidia. Ni kweli, husaidia. Mimi niliwaona kwa macho yangu. Kaeni mnisikilize, na yule wa mwisho afunge mlango, upepo wa hapa una meno.

Ilikuwa miaka ya themanini, baada ya njaa. Ukame ulikuwa umekausha kila kitu, na watu wa pande zile walikuwa wanakunywa maji ya mashimo wanayochimba kwenye mchanga wa mto, shimo moja watu na ng'ombe. Kisha mvua ikaja kwa ghafla, ikasomba uchafu wote wa vilimani na kuumwaga mtoni. Wiki haikuisha kabla ya watu kuanza kuletwa kwangu kwa mikokoteni, macho yameingia ndani, sauti zimekauka. Nilikuwa na vitanda vichache na katoni moja ya dripu. Nilianza kuwalaza chini kwenye veranda, halafu chini ya mikaratusi. Nilikuwa naomba Mungu kwa hasira, nawaambia ukweli. Nilikuwa namwuliza anataka nifanye nini.

Wakati huo kulikuwa na wanajeshi wa ng'ambo waliokuja kufanya mazoezi na jeshi letu kule kaskazini. Nchi yao siitaji. Serikali iliwaomba, nao wakaja na malori mengi, wakatandaza hospitali nzima kwenye uwanja wa mpira kabla jua halijazama. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi haraka namna ile. Mahema marefu, tangi la maji, mashine ya kusafisha maji iliyokuwa ikinguruma mchana kutwa, vitanda vya turubai vimepangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride. Nikakaa chini nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Halafu wakafungua masanduku. Wanangu, lile lilikuwa jeshi, na jeshi hujiandaa kwa vita. Kulikuwa na misumeno ya kukata mifupa. Kulikuwa na bandeji za kuzungushia mji mzima, dawa ya unga ya kupaka miguu ya askari, na majiko ya kupasha mahema joto. Kalamba! Daktari wao, mama mmoja mrefu ambaye wote walimwita Meja, aliyatazama yale majiko, akanitazama mimi na kitambaa changu kilicholowa, akacheka mpaka akashika nguzo. Baadaye aliniambia alikuwa amesomea kutoa risasi mwilini na hajawahi kumwona mgonjwa wa kipindupindu ila kwenye kitabu. Dripu walikuwa nazo, na hizo ndizo zilizotuokoa, lakini si nyingi kama malori yalivyotufanya tufikiri.

Nilimpenda Meja kwa sababu alikuwa akikiri asichokijua. Na alichokijua alinifundisha, nami nakitumia mpaka leo. Ni yeye aliyenionyesha kutafuta mshipa kwa mtu aliyekauka: funga mkono kwa kitambaa cha maji moto, subiri, usichome kwa pupa, utafute kwa kidole, si kwa macho. Ni yeye aliyesema vitanda vitobolewe. Alisoma kitabu chake usiku, asubuhi akaja na kisu mkononi.

Hapo ndipo alipokutana na sajini wa stoo. Huyu sajini alikuwa mtu mnene, uso mwekundu kama nyanya iliyoiva, na watu wetu wakampa jina la Mutune, maana yake mwekundu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kilichotoka kwao kinarudi kwao. Alihesabu mpaka vijiko. Alipomwona Meja na kisu juu ya kitanda, alisimama mbele yake, mikono imenyooka, akasema kwa adabu zote kwamba hiyo ni mali ya jeshi na kuiharibu ni kosa. Meja akamwambia ni amri. Mutune akasema basi apewe amri hiyo kwa kila kitanda, kimoja kimoja. Kwa sisi alikuwa amejifunza maneno mawili tu ya Kiswahili, na aliyatumia kutwa: "Hapana kata! Hapana kata!" Hata ukiwa umeshika mkasi wa kukatia plasta.

Kwa hiyo vilitobolewa kimoja kimoja, mgonjwa akija. Na mwanzoni, ukiacha wale niliokuwa nao tayari, wagonjwa hawakuja.

Msishangae. Jeshi likipiga kambi huweka waya wa miiba na askari mwenye bunduki getini, hata kama ndani kuna dripu tu. Hawakufikiri, ndivyo wanavyofanya siku zote. Watu wakatazama kutoka ng'ambo ya mto, wakaona mgonjwa anaingia, ndugu zake wanazuiwa na bunduki, na maiti zinatoka zimetiwa ndani ya mifuko ya plastiki na kuzikwa na watu waliofunika nyuso. Nani atampeleka mama yake pale? Waliwaficha wagonjwa majumbani, na mimi nikawa nasikia vilio kutoka vilimani huku nyuma yangu vitanda viko wazi.

Aliyetuokoa ni Mzee Kisilu. Alikuwa mjane, mzee mwembamba aliyepigana vita vya Burma akiwa mbeba machela katika jeshi la mkoloni. Alikuwa na koti zito la kijeshi lililofika chini ya magoti, na alilivaa katika joto lile bila kufungua hata kifungo. Siku moja alikuja getini, akapiga saluti iliyomtikisa mpaka kofia, na yule askari kijana bila kufikiri akairudisha. Mzee akaingia. Alitembea hema kwa hema akikagua kama jenerali, akagonga machela kwa vidole, akanusa ndoo za dawa. Mutune alimfuata nyuma akihofia ataiba kitu. Walipofika stoo, mzee alichukua blanketi lililokunjwa vibaya, akalikunjua, akalikunja upya kwa mkunjo wa kijeshi, pembe kwa pembe, akalirudisha mahali pake. Mutune aliinama akazikagua pembe zake. Tangu siku ile alimwita mzee "Koplo", na chai yake ikawa inatengwa kwenye kikombe cha bati.

"Sista," Mzee Kisilu aliniambia tulipotoka, "hii jeshi mimi naijua. Kule Burma nililipukiwa na bomu nikaanguka kwa matope. Watu hata hawanijui walinibeba siku mzima. Jeshi haiachi mgonjwa. Nitaambia watu."

Akaenda akawaambia. Alipita kila boma upande ule wa mto na koti lake, akasema maneno hayohayo: jeshi haiachi mgonjwa, mimi Kisilu nasema. Na kwetu mtu mzima akisema hivyo amejiweka rehani yeye mwenyewe. Wakaanza kuja. Naye akamfanya Meja aondoe bunduki getini, akasimama hapo yeye, na ndugu wa wagonjwa wakaruhusiwa kukaa nje ya waya na kuwaona watu wao.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa kuwa hili halimo kwenye vitabu vyenu. Jeshi hulaza wagonjwa kwa hali zao: walio mahututi karibu na mlango, wenye nafuu ndani zaidi. Mwanamume, mwanamke, mzee, kijana, wote ni mwili tu. Ni mpango mzuri kwa askari. Sisi tuna kitu tunachokiita nthoni, heshima ya wakwe. Ninyi wa mjini mnaisikia tu, mnafikiri ni mambo ya kuchekesha kwenye harusi. Wakati ule mwanamume alikuwa haketi mahali anapoketi mama mkwe wake, wakikutana njiani mmoja anapinda kwenda porini, na baba mkwe hamwangalii mke wa mwanawe ila kwa mbali.

Nilikuwa nimeenda mtoni kuweka dawa kwenye mashimo ya maji. Nyuma yangu akaletwa mama mmoja hajitambui, wakamlaza kwenye kitanda kilichokuwa wazi karibu na mlango, nguo zimevuliwa, tundu chini. Kitanda cha pili, umbali wa mkono, kilikuwa na Mutinda, fundi baiskeli wa Mbumbuni, aliyeoa binti wa mama huyo. Mutinda aligeuka akamwona. Alishika chupa yake ya dripu, akainuka, akatoka nje nayo, na askari wakafikiri anakwenda haja. Nilimkuta njiani nikitoka mtoni. Alikuwa amekaa chini ameegemea ukingo wa barabara, chupa imemwangukia mapajani, mguu wake mmoja umekunjwa vizuri kama mtu anayepumzika. Alikuwa ameshakufa.

Meja aliponiuliza kwa nini, nilimweleza. Alikaa juu ya sanduku la misumeno yake akafunika uso. "Angeweza kuniambia," alisema. Nikamwambia hapana, Meja, hata hilo asingeweza kulisema mbele ya mama mkwe wake. Nilikuwa na uchungu mwingi, na sikuwa na mtu wa kumrushia, maana hakuna aliyekusudia ubaya.

Siku ileile tukatundika mablanketi kati ya vitanda. Mutune alileta mwenyewe, ingawa bado alitaka yasikatwe wala kutobolewa misumari. Tuliyafunga kwa kamba na pini. Baadaye, nilipokuwa Kitui na ugonjwa ukarudi, kitu cha kwanza nilichofanya kabla hata ya kufungua dripu ni kwenda mtaani kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la nguo, kumwomba vitambaa vya mapazia. Alikata jora zima bila kuniuliza lolote ila hili: upande wa kina mama unaelekea wapi, ili apime urefu wa kutosha. Yule alielewa mara moja. Na hata leo nawaambia, mkifika mahali pa ugonjwa, ulizeni kwanza nani mkwe wa nani.

Lakini habari za Mutinda zilishapanda vilimani kabla ya mablanketi. Watu wakaacha kuja tena, na safari hii walikuwa na mtu wa kumlaumu. Walimwambia Mzee Kisilu usoni kwamba amewapeleka wakavuliwe nguo mbele ya wakwe zao. Mwanamke mmoja alimmwagia majivu ya jikoni kwenye koti. Alikuja getini vilevile asubuhi, majivu mgongoni, akasimama mahali pake.

Haikupita muda, Mbithe akaugua. Mbithe alikuwa mke wa mwana wa pekee wa Mzee Kisilu, na huyo mwana alikuwa Mombasa akilinda maghala. Katika boma lile walikuwa wawili tu, mzee na mke wa mwanawe, kila mmoja na nyumba yake, chakula kikipitishwa kwa mkono wa mtoto wa jirani. Watu wote wakangoja waone. Atamficha, au atamleta pale alipowapeleka wagonjwa wa wenzake?

Alimleta. Mtu aliyebeba wagonjwa asiowajua katika matope ya Burma hakuweza kushika hata mguu mmoja wa kitanda alicholazwa mke wa mwanawe. Aliwaita kina mama wa jirani, wakambeba Mbithe kwa kitanda cha kamba, na yeye akatangulia mbele yao njia nzima, bila kugeuka nyuma hata mara moja. Alikuwa akiuliza tu kwa sauti, uso mbele, "Bado anapumua?" nao wanamjibu. Walipita hivyo katikati ya soko watu wakiona. Nilimpokea Mbithe getini. Ngozi ya tumbo lake nilipoikunja kwa vidole ilibaki imesimama kama karatasi. Mzee alinigeukia mimi, si yeye. "Sista, huyu ndiye mimi niko naye. Niliwaambia watu jeshi haiachi mgonjwa. Usinifanye mwongo."

Nthoni haikumruhusu kuingia hemani, hata na mablanketi. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama nje ya waya, ameligeuzia hema mgongo, akaniuliza swali lilelile: "Amekunywa?" Siku ya kwanza nilimwambia hapana, anaingiziwa kwa mshipa. Alitikisa kichwa akaenda kuteka maji ya kuoshea ndoo. Watu waliokuwa wakingoja walishaona walichotaka kuona, na wakaanza kuja tena na wagonjwa wao, wengi kuliko mwanzo. Mahema yakajaa. Tukaanza kushinda ule ugonjwa, au nilidhani hivyo.

Ndipo amri ikaja. Mazoezi yao kule kaskazini yalikuwa yamekwisha, ndege ilikuwa inawangoja, nao walitakiwa kufungasha kila kitu. Meja alikwenda kwenye redio yao akagombana mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa nje nasikia. Sikuelewa maneno yote lakini sauti ya mtu anayeomba ni moja kila mahali. Alitoka akaniambia, "Nduku, tunaondoka kesho. Nimeomba tuache vitu. Wamesema kitakachobaki ni kile tu kilichoharibika."

Nilimtukana. Ndiyo, mimi, binti wa mzee wa kanisa. Nilimwambia mngekaa kwenu kuliko kuwatoa watu majumbani halafu mkawaacha uwanjani. Sikumwomba radhi, maana nilichosema kilikuwa kweli hata kama yeye hakustahili kukisikia. Kwa hiyo jeshi likija kwenu, wanangu, likaribisheni, muwape askari wake chai, na swali la kwanza muwaulize ni hili: mnaondoka lini? Mjipange kwa jibu hilo. Askari hana ruhusa ya kukupenda kuliko amri aliyopewa.

Nilirudi hemani nikasikia mlio wa kitu kinachopasuka. Prrr. Kisha tena, prrr. Nikakimbia nikidhani wameanza kung'oa. Nilimkuta Mutune yuko peke yake kwenye hema la akiba, jasho linamtiririka kidevuni, kisu mkononi. Alikuwa anatoboa vitanda. Vile vyote vilivyokuwa bado vizima, alivyovilinda kama mboni ya jicho, alivipitia kimoja kimoja, tundu katikati, upana wa sahani. Akimaliza kitanda anapiga alama ya msalaba kwa rangi nyeupe kwenye fremu, alama ya kitu kilichoharibika. Halafu akaingia kwenye mablanketi, akakata pembe za kila moja. Nilisimama mlangoni. Aliniona, akanyoosha kisu kuelekea kwenye makatoni ya dripu, akatikisa kichwa taratibu, uso wake umekunjamana. Kitanda kikitobolewa bado ni kitanda. Dripu ikitobolewa ni maji yaliyomwagika. Hizo hakuweza kutuachia ila zile zilizokuwa tayari zimetundikwa juu ya wagonjwa, na chache ambazo Meja alizitundika harakaharaka juu ya vitanda visivyo na mtu.

Waliondoka asubuhi. Waya ukakunjwa, mashine ya maji ikanyamaza, mahema mengi yakaanguka, tukabakiwa na moja lililochanika na vitanda vya misalaba. Ndugu za wagonjwa walisimama wakitazama malori. Mzee Kisilu alikuwa pale getini, ambapo hapakuwa tena na geti. Lori la mwisho lilikuwa la Mutune. Alijaribu kupiga saluti, mkono ukaishia njiani. Mzee aliirudisha yake kamili.

Kijana mmoja aliyekuwa na mama yake ndani akapiga kelele, "Kisilu! Hiyo jeshi yako si ndiyo inaenda! Si ulisema haiachi mgonjwa?"

Mzee alifunga kifungo cha juu cha koti. "Wale wamepewa amri ya kuondoka," alisema. "Mimi sijapewa."

Akaingia kazini. Alipanga zamu za vijana kuteka maji na kuyachemsha, akawapigia kelele za kijeshi mpaka wakamwogopa kuliko kipindupindu. Na mimi nikarudi kwenye kile nilichokuwa nacho. Ninyi leo mna pakiti, unakata unachanganya. Sisi tulikuwa na sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, vijiko vya bapa si vya kilima, ndani ya lita moja ya maji yaliyochemka. Halafu uvumilivu. Kijiko, ngoja, kijiko, ngoja. Akitapika, ngoja kidogo, anza tena. Mtu anayeweza kumeza unaweza kumwokoa kwa kikombe, na wengi tuliwaokoa hivyo. Asiyeweza kumeza, na dripu hakuna, tulimshika mkono tu. Lori lililoahidiwa kutoka Machakos lilikwama mtoni na halikufika kwa wakati. Nilizika watu ambao wangeishi. Nasema hivyo bila kuzunguka, na bado inaniuma.

Mbithe alikuwa mmoja wa waliopona. Siku malori yalipoondoka alikuwa ameanza kunywa mwenyewe. Mzee aliponiuliza nikamwambia, "Amekunywa, mzee, na ameomba uji," naye akageuza uso akajifanya anakohoa. Sikuwa na wasaidizi, kwa hiyo Mbithe alipopata nguvu za kukaa nilimpa kazi: ashike vikombe, anyweshe walio karibu naye.

Kisha mzee akaanguka. Wale vijana walimleta mchana, koti limelowa, naye akikataa kwa ile sauti iliyokauka, "Si humo. Mtoto wangu yuko humo." Nilimwambia kuna blanketi. Akakataa. Nikamwambia, "Koplo, hii ni amri." Hapo akaacha kubisha, tukamwingiza. Kitanda kilichokuwa wazi ni kile kilichopakana na cha Mbithe, lakini lile blanketi la pembe zilizokatwa lilikuwa limening'inia katikati, na nilihakikisha limefika karibu na chini.

Dripu zilikuwa zimekwisha. Nilianza na kijiko. Alikuwa akinywa kidogo na kutapika kingi, na mimi nilikuwa nakimbia kitanda hiki na kile. Niliporudi kwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kabla wala baada. Chini ya blanketi ulikuwa umepita mkono wa Mbithe, umeshika kikombe, umekinyoosha. Yeye mwenyewe haonekani, amegeukia ule upande mwingine. Mzee alikitazama kikombe kwa muda. Kisha akageuza uso wake kwenye ukuta wa hema, akapokea kwa mkono mmoja, akanywa, akakirudisha. Mkono ukarudi, ukajaza, ukapita tena. Hivyo mpaka jua likaanza kuinama. Mimi niliwaachia, nikaenda kwa wengine, na nilikuwa na furaha ya ajabu kifuani, furaha ambayo sikuwa nayo tangu malori yaondoke. Nilijua kabisa atapona.

Kelele za hema zilikuwa nyingi, kwa hiyo sikusikia alivyoacha kupumua. Niliporudi mkono wa Mbithe ulikuwa bado uko pale chini ya blanketi, umenyooka, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Sijui alikuwa amekishika hivyo kwa muda gani. Alisikia hatua zangu, akauliza kutoka upande wake, akitumia neno lilelile ambalo mzee alikuwa akiniuliza kila asubuhi nje ya waya.

"Sista, amekunywa?"

Nilipiga magoti nikakichukua kikombe mkononi mwake.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa jina la heshima tunalomwitia mama, "shusha mkono."